Rosuvastatini au atorvastatini: tunalipia nini hasa?

Mzee wa Buruburu (mleta mada)
Wadau, tulijadili hili bila matusi. Siku hizi kwenye dawa za kushusha kolesteroli, ukisema unameza atorvastatini unaonekana mtu wa bei rahisi. Ati rosuvastatini ndiyo "kali". Jirani yangu alibadilishiwa dawa akapewa hiyo kali. Sasa pesa hazitoshi, anameza leo, anaruka kesho na kesho kutwa. Mimi naona hapo amepoteza kote kuwili.

Kwa miligramu sibishi. Rosuvastatini ya 10 hushusha LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, kwa karibu asilimia 45. Atorvastatini ya 10 hushusha kama 37. Lakini nani alisema lazima tushindanishe 10 na 10? Atorvastatini ya 20 inaifikia hiyo rosuvastatini ya 10 karibu kabisa. Na mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa LODESTAR wa Korea Kusini: wagonjwa 4,400 wa mishipa ya moyo, miaka 3. Waliofariki, kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au kuzibuliwa mishipa ya moyo walikuwa asilimia 8.7 upande wa rosuvastatini na 8.2 upande wa atorvastatini. Kitakwimu hiyo ni sare. Ila walioishia kuanzishiwa dawa za kisukari ni 7.2 kwa 5.3, na waliozidi ni wa hiyo "kali".

Anayenipinga aje na hoja.

Mama Umoja
Mzee, nyinyi mnabishania chapa, mimi statini zote, yaani jamii nzima ya dawa hizi, zinaniumiza. Naishi orofa ya nne, nikipanda ngazi mapaja yanawaka. Niliziacha. Natafuna kitunguu saumu na ndimu, niko sawa.

Mzee wa Buruburu
Uko sawa kwa kipimo au kwa kujisikia? Kolesteroli haiumi, mama.

Mfamasia, Ngara
Mama, maumivu yako siyapuuzi. Ila Uingereza walifanya jaribio la SAMSON, matokeo yakatoka 2020. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya statini, miezi ya kidonge kisicho na dawa ndani, na miezi bila kidonge chochote. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwenye statini waliusikia pia kwenye kile kidonge kitupu. Hawakuwa wakidanganya, waliumia kweli, lakini mara nyingi si kwa sababu ya dawa. Wapo wachache ambao misuli huharibika hasa. Mkojo ukigeuka rangi ya strungi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na taja kila unachomeza: simvastatini, statini nyingine, ikikutana na klarithromaisini, ile antibiotiki, au na ritonaviri ya wanaotumia ARV, hujaa kwenye damu kupita kiasi.

Mzee, nakuunga mkono nusu. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo anatafuta kushusha LDL nusu nzima au zaidi. Huyo anahitaji atorvastatini ya 40 au 80, au rosuvastatini ya 20, si kidonge kidogo cha kujiliwaza. Ikishindikana, kuongeza dozi maradufu hakumpi zaidi ya asilimia 6 hivi. Afadhali aongezewe ezetimibi, inayozuia kolesteroli kwenye utumbo, ashuke kama asilimia 20 nyingine. Sindano za kuzuia PCSK9, protini inayolizuia ini kuondoa LDL kwenye damu, hushusha karibu asilimia 60, lakini bei yake hapa Nairobi wengi wetu tutaisikia tu.

Kijana wa Kayole
Mimi kila mwezi napewa boksi la rangi tofauti. Si ndiyo kuchezewa huko?

Mfamasia, Ngara
Soma jina la dawa na miligramu, kijana. Rangi ni ya kiwanda.

Mzee wa Buruburu
Haya, wa mshtuko nimekuachia. Jirani yangu hajawahi kuupata, na daktari hakumuuliza hata mara moja kama ataweza kununua. Madaktari mliomo humu, mbona mnaandika kwanza, bei mnatuachia tukaisikie dirishani?