Kampuni ilipewa ruzuku ituletee intaneti ya kasi, lakini hata somo la video halifunguki. Tuanzie wapi?

Nguzo ya Tisa (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri.

Miaka miwili iliyopita kampuni ya simu ilipewa ruzuku ya serikali ifikishe intaneti ya kasi kijijini kwetu. Walichimba mtaro, wakasimika kabati la chuma kando ya barabara na kubandika kibao kwamba mradi ni wa fedha za umma. Tulifurahi kweli. Mkataba wangu unasema "hadi megabiti 25 kwa sekunde". Jana saa mbili usiku nilipima, nikapata 2. Binti yangu anasoma chuo kwa njia ya mtandao. Mwalimu anaongea, picha inaganda, sauti inakatika, na binti akirudi hewani swali lake limeshapitwa. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa nizime rauta niwashe. Nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye taarifa za mradi eneo letu limeandikwa "limefikiwa". Maana yake hakuna fungu jingine litakalokuja. Nifanyeje?

Fundi Laini:
Pole sana mkuu. Kazi yangu ni hizi laini, kwa hiyo nianze na vipimo, maana bila hivyo watakuzungusha.

Usipime kwa waifai. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, vifaa vingine vyote vitoke hewani. Pima saa kumi na moja alfajiri, mchana, na saa mbili usiku, kwa wiki mbili, uandike tarehe, saa, kasi ya kupakua na ya kupakia. Kama alfajiri iko vizuri na usiku inaporomoka, laini yako ni nzima. Njia ya pamoja inayobeba wateja wote imezidiwa, na hiyo ni kazi ya kampuni kuipanua. Kama ni mbovu saa zote, tatizo liko kati ya kabati na nyumba yako. Ikizidi kuharibika mvua ikinyesha, kuna kiungio kimeingia maji.

Halafu ulizia jambo hili: je, faiba (waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga) inakufikia mpaka nyumbani, au inaishia kabatini? Mara nyingi inaishia pale, na kutoka hapo ni waya uleule wa shaba wa simu ya mezani. Shaba inachoka na umbali. Aliye mita 300 atasifia huduma, aliye kilomita 4 anaokota masalia.

Mama Hesabu:
Fundi kasema vyema, ila mimi naona kiini kiko kwenye karatasi. Kampuni ililipwa kwa sharti gani? Tafuta hiyo kwanza.

Tazameni Marekani. Mwaka 2015 kampuni 10 kubwa zilikubali ruzuku ya takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka, kwa miaka 6, kwa ajili ya vijijini. Sharti lilikuwa megabiti 10 za kupakua na 1 ya kupakia. Mwaka huohuo tume yao ya mawasiliano, FCC, ilikuwa imepandisha kipimo cha intaneti ya kasi kuwa 25 na 3! Fedha za umma zikajenga kitu ambacho mlipaji mwenyewe hakiiti intaneti ya kasi. Na kwenye ramani zao za zamani, kampuni ikiweza kuhudumia nyumba moja tu katika kitalu cha sensa (eneo dogo la kuhesabia watu), kitalu kizima kilihesabiwa kimefikiwa. Ramani mpya ilitoka Novemba 2022, inaonyesha jengo kwa jengo, na mwananchi anaweza kuipinga kwa anwani yake.

Kwa hiyo mkuu, andika barua kwa mamlaka ya mawasiliano au mfuko uliotoa ruzuku. Omba nakala ya masharti: kasi gani, nyumba ngapi, nani alikagua. Hapo ndipo vipimo vyako vitakapokuwa na nguvu.

Mtu wa Kilimani:
Hilo neno "hadi" ndilo linalowaokoa. Uliza kiwango cha chini walichoahidi.

Kazi ya Mnara:
Nimefanya kazi upande wa kampuni. Ruzuku nyingi hulipia ujenzi tu. Umeme, matengenezo na kupanua njia vinabaki kwa kampuni, na kijiji chenye wateja wachache hakirudishi gharama. Sitetei mtu. Ila barua yenu iseme wazi: sehemu ya malipo izuiliwe mpaka kasi ipimwe majumbani kwa watu. Na msimfokee fundi anayekuja, hana mamlaka ya kuongeza uwezo.

Fundi Laini:
Naunga mkono. Pia usiende peke yako. Nyumba 20 zenye vipimo, kila moja na umbali wake kutoka kabatini, ni ushahidi mzito. Na kila ukipiga simu, dai namba ya lalamiko.

Nguzo ya Tisa:
Asanteni sana. Mrejesho wa wiki mbili: alfajiri napata 6, usiku 2. Jirani yangu aliye karibu na kabati anapata 22 alfajiri na 5 usiku. Kumbe tuna matatizo mawili kwa pamoja, shaba na njia iliyozidiwa. Nyumba 17 zimeshajaza daftari, na binti yangu ndiye anayechora ramani ya umbali. Barua ya kuomba masharti ya ruzuku inaondoka Jumatatu, namba za malalamiko zimeambatishwa. Wakijibu nitaweka hapa.