Charlotte alikosea kuolewa na Collins?

Msomaji wa Usiku:
Wadau, nimemaliza Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, kwa mara ya tatu, na jambo lilelile bado linanikosesha usingizi. Darcy na Elizabeth, wapenzi wakuu wa kitabu, wana watetezi wao. Mimi namzungumzia Charlotte Lucas. Kwa mliosoma zamani: kasisi Collins, mtu wa maneno mengi na busara kidogo, anamposa Elizabeth Bennet na kukataliwa. Siku chache tu baadaye anamposa Charlotte, rafiki mkubwa wa Elizabeth, na Charlotte anakubali. Ana miaka 27, si mrembo, hana mali. Anamwambia rafiki yake wazi kwamba yeye si mtu wa mahaba, anachotaka ni nyumba ya kukaa kwa raha. Elizabeth anamwona amejishusha. Mimi nasema mle ndani hakuna mwanamke mwenye akili kumshinda Charlotte. Naomba kuwasilisha.

Kinyonga:
Akili ipi mkuu? Kule ni kujiuza, ila tu kuna cheti cha ndoa. Elizabeth naye hakuwa na kitu. Fungu lake lilikuwa pauni 1,000, tena mpaka mama yake afe. Bado alimkataa Collins, na mara ya kwanza akamkataa hata Darcy mwenye pauni 10,000 kwa mwaka. Mwenye heshima zake anasubiri. Charlotte alikuwa keshapita wakati, akadaka kilichopita karibu. Mwanamke akigonga 30 hana tena la kuchagua, hata leo.

Mama Wawili:
Kwanza alikuwa na 27, sio 30, mleta mada kaandika hapo juu. Pili, hilo "keshapita wakati" lifute. Mimi nimeolewa nikiwa na 34, na aliyekuwa na haraka ni mume wangu.

Kinyonga:
Dada, sijakutaja. Nazungumzia Uingereza ya 1813.

Mama Wawili:
Umeandika "hata leo". Rudi ukasome ulichoandika mwenyewe.

Kijana wa Kisauni:
Mnagombania umri, na mwandishi mwenyewe aliyapitia haya haya. Desemba 1802 Jane Austen alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza 27. Akaposwa na Harris Bigg-Wither, kijana aliyekuwa arithi nyumba kubwa. Jioni akakubali. Asubuhi akasema hapana, akaondoka pale nyumbani kwa akina Harris. Hakuolewa mpaka alipofariki 1817. Na kukataa kule kulimgharimu: baba alipofariki 1805, yeye, mama yake na dada yake walibaki kutegemea kaka zao, wakawa wa kuhamahama mpaka 1809 kaka yao Edward alipowapa nyumba kule Chawton. Hiki kitabu tunachokijadili alikiuza kwa pauni 110, haki zote zikaenda kwa mchapishaji. Sasa mtu huyo anapompa Charlotte miaka 27, mimi siamini kwamba alibahatisha tu. Kwangu Charlotte ni yule yule aliyesema ndiyo jioni, ila huyu kulipokucha hakubadilika.

Mama Wawili:
Nakazia. Na mumlaumu baba yake Charlotte. Mzee Lucas alikuwa mfanyabiashara pale Meryton, akapata fedha ya kutosha. Akiwa meya akamsomea mfalme hotuba, akapewa cheo cha "Sir". Toka siku hiyo biashara ikamtia kinyaa, akaifunga, akahamia nje ya mji kujiita muungwana. Baba kapata cheo, binti kakosa fungu la kuolewa nalo. Kule mwanamke ndiye anayekwenda na mali kwa mume, si kama mahari ya kwetu. Wadogo zake wa kiume walivyosikia posa walifurahi kwamba dada hatazeekea mikononi mwao. Hilo limeandikwa. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, Kinyonga.

Mpemba:
Mnazunguka tu. Mzizi wa fitina ni mirathi. Mali ya Longbourn, kwa akina Bennet, imefungwa kwa warithi wa kiume, mzee Bennet ana mabinti watano, kwa hiyo anakuja kurithi Collins, ndugu wa mbali. Katika Uislamu jambo hilo halipo. Mabinti wawili na kuendelea, kama hawana kaka, wana theluthi mbili. Mke mwenye watoto ana thumni. Ukishalipa madeni na wasia, gawa mafungu 24: mabinti 16, mama yao 3, yanabaki 5. Hayo matano ndiyo ya Collins, kama ni asaba. Binti ana kwao, kwa nini akubali posa ya mtu asiyemtaka?

Kijana wa Kisauni:
Asaba ni upande wa baba. Huyu Collins, yule Bennet. Ukoo mmoja vipi?

Mpemba:
Kule watu walibadili jina ili warithi. Huyo huyo Edward uliyemtaja alizaliwa Austen, akachukua jina la Knight kwa sababu ya mali aliyoachiwa na jamaa zake. Inawezekana kabisa.

Msomaji wa Usiku:
Jamani, tumetoka nje ya mada. Lakini kwa kuwa mmeshaingia huko: Lady Catherine, tajiri wa Rosings, anasema haoni kwa nini mali ifungwe kwa wanaume, kwa mumewe halikuonekana jambo la lazima. Binti yake atarithi kila kitu. Kumbe haikuwa amri kwa kila ukoo. Sasa turudi kwa Charlotte.

Tausi:
Mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa. Mpemba, hesabu zako za 24 tunazijua. Baba zangu wadogo nao walizijua, mmoja alisoma chuoni. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Siku ya arobaini walikuja na pikapu, eda ya mama haijaisha. Wakatoa kabati, wakatoa godoro, wakatoa cherehani. Cherehani mama aliinunua kwa vitumbua vyake, si mali ya baba. Kulikuwa na kanzu ya mteja chini ya sindano, mkono mmoja haujashonwa. Wakaichomoa, wakamkabidhi mama mkononi, wakaondoka na mashine. Mwaka uliofuata mzee mmoja mwenye nyumba ya vyumba vitatu akaleta posa, mama akakubali. Nilipofika miaka 13 nilimwambia mama neno lile lile alilotumia Kinyonga hapo juu. Hakunijibu. Aliendelea kuchambua mchele.

Mpemba:
Pole sana mwanangu. Ile ni dhulma, dini haikuwatuma. Mama hakwenda kwa kadhi?

Tausi:
Aende kwa nauli ipi, baba? Na karatasi zote walikuwa nazo hao hao.

Kinyonga:
Pole Tausi. Mimi nilimsemea mtu wa kitabuni, sikuwa na mzazi wako akilini. Ila siwezi kudanganya, kwa Elizabeth bado nipo. Alikataa akiwa hana kitu.

Tausi:
Alikuwa na miaka 20, na baba yake yuko hai.

Mama Wawili:
Kinyonga, na lile la miaka 30 hujalifuta.

Msomaji wa Usiku:
Tausi, kuna sehemu mimi huirudia kila mara. Elizabeth anakwenda kumtembelea Charlotte kwake. Anashangaa kwa nini amechagua kukaa chumba cha nyuma, wakati kuna chumba kizuri zaidi. Halafu anaelewa: angekaa kule kuzuri, Collins angekuwa haondoki. Na mume akisema anakwenda kulima bustani, Charlotte anamhimiza aende. Nimeikumbuka nilivyosoma habari ya mama yako. Kwa yule mzee alikuwa na pa kukaa peke yake?

Tausi:
Kulikuwa na kibaraza cha uani, karibu na jiko. Mwaka wa pili alipata cherehani nyingine, akaiweka hapo. Mzee alikuwa hafiki huko.