Siki ipi ya kuchanganya na asali: ya tufaha, nyeupe au ya zabibu zetu?

MamaWaIlazo:
Mbukwenyi wadau. Niko Dodoma hapa Ilazo, mwezi huu wa saba na ule upepo wake kila nyumba kuna anayekohoa, kwahiyo nimeanza kutengeneza ule mchanganyiko wa asali na siki iliyolowekwa viungo, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu asubuhi na koo linalainika. Nikatengeneza chupa tatu ili nilinganishe.

Ya kwanza siki ya tufaha ya supamaketi, asali ya nyuki wakubwa ya Manyoni, tangawizi kavu na mdalasini. Ya pili siki nyeupe ile ya bei chee, asali ileile, mchaichai na rozela. Ya tatu sasa ndio nilijifanya mjanja, nikachukua asali ya nyuki wadogo, wale wasiodunga, bila siki kabisa maana yenyewe ina ukali wake, nikatumbukiza tangawizi mbichi nimeikwangua na maji yake yote, nikakaza kifuniko mpaka mwisho, nikaiweka juu ya kabati la jikoni.

Siku ya sita usiku tumelala tukasikia paa! Mume wangu akajua paka kaangusha sahani. Kifuniko tumekikuta chini ya meza, asali imetiririka kwenye mlango wa kabati hadi kwenye ndoo ya unga, asubuhi sisimizi wa Ilazo nzima wako kwetu.

Matokeo ya zile mbili: ya kwanza inanyweka vizuri. Ya pili ina rangi nzuri mno kama juisi ila inakwaruza, unachoonja ni siki tu, halafu kifuniko cha bati kimeota kutu kwa ndani. Niendelee na siki ipi, na ile ya tatu nilikosea wapi?

Fundi_Mzinga:
Pole mama ila nimecheka. Kosa ni maji. Asali ya nyuki wakubwa ukiirina imeiva, yaani nyuki wameshaziba masega kwa nta, maji yake kwa kawaida hayavuki asilimia 20, ndio maana inakaa miaka bila kuharibika. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, maji yake mara nyingi ni asilimia 25 na kuendelea, yenyewe tu ukiiacha kwenye joto inachachuka, wewe ukaiongezea na maji ya tangawizi. Hamira za asili zikaamka, gesi ikajaa, kifuniko umekaza, ingeenda wapi?

Na kibiashara tu hapo umepata hasara maana ya nyuki wadogo ni ghali kuliko hiyo nyingine. Ilambe hivihivi, ya kuchanganya na siki tumia ya kawaida. Ila nusa kwanza, ile ya mizinga ya kienyeji iliyorinwa kwa moto mwingi inakuja na moshi, na moshi ukikutana na mdalasini unapata kitu kama nyama choma.

kijana_nkuhungu:
mi sina muda wa kusubiri wiki tatu viungo vilowe, naweka kila kitu kwenye sufuria nachemsha dk 10 nachuja nakunywa leoleo. mbona sawa tu?

Fundi_Mzinga:
Sufuria ya nini? Kama ni ya alumini hizi za kawaida acha, siki inakula alumini, ndio ile ladha ya chuma unayoisikia. Tumia ya stili au bakuli la kioo juu ya sufuria ya maji ya moto. Na asali usiichemshe, chemsha siki na viungo kwa moto mdogo, epua, ikiwa vuguvugu ndio utie asali. Ukiichemsha harufu yake yote inaishia hewani, bora ungetia sukari.

Zabibu_Hombolo:
Naona siki ya tufaha inasifiwa mpaka basi, tufaha lenyewe hapa Dodoma linakuja na lori. Sisi tuna zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu kuna zinazopondeka ambazo mnunuzi anazikataa. Mimi hizo ndio natengenezea siki.

Nakamua, juisi inakaa kwenye ndoo wiki mbili hivi mpaka iache kutoa povu, hapo imeshakuwa mvinyo mwepesi. Namimina kwenye chombo cha mdomo mpana, nafunika kwa kanga nyepesi niliyoikunja mara mbili nafunga na mpira, maana siki inataka hewa ila vinzi vya matunda navyo vinaitaka siki. Miezi miwili mitatu juu panakuwa na utando mzito unateleza kama ngozi ya maziwa, huo usiutupe, ndio mama wa siki. Harufu inabadilika kabisa, mwanzo inapiga kama gundi halafu siku moja unafungua unakuta siki. Ya zabibu nyekundu za Makutupora ni laini kuliko ya tufaha, na ukiilowekea rozela kavu hutarudi supamaketi.

Ubaya wake nausema. Ya dukani lebo inakuambia ukali ni asilimia 4 au 5, ya kwangu kila ndoo na ukali wake. Kwahiyo hiyo naiweka friji na naloweka vitu vikavu tu. Vitunguu saumu na tangawizi mbichi nawekea ya dukani, hapo sibahatishi.

MamaWaIlazo:
Na vipimo unapimaje? Mimi niliweka nusu kwa nusu.

Zabibu_Hombolo:
Nusu kwa nusu ni sawa kama unaimiminia maji. Wa kulamba kwa kijiko weka asali vikombe 3 kwa siki kikombe 1. Viungo vikavu visizidi robo ya chupa maana vinavimba. Wiki mbili mpaka nne kabatini, unatikisa kila ukikumbuka, unachuja. Kifuniko weka nailoni katikati au tumia cha plastiki, kutu umeishaiona mwenyewe.

Mzee_wa_Kondoa:
Hiki kitu si kipya vijana. Waajemi wanakiita sekanjabini, maana yake ni hiyohiyo siki na asali, na Wayunani wa kale walikuwa nacho. Mimi natia mnanaa na sina la kuongeza.

NesiMstaafu:
Naomba niwe mchokozi kidogo maana sijaona mtu kauliza watoto. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haonjeshwi asali, hata kwenye siki, hata ikipashwa moto, kuna vimbegu vya bakteria ambavyo utumbo wake hauviwezi. Mwenye vidonda vya tumbo siki itamtonesha. Mwenye kisukari asali ni sukari, asidanganywe na neno asili, na kama yuko kwenye dawa aulize kwanza kabla ya kunywa siki kila siku. Wengine wote changanyeni na maji na msukutue baada ya hapo, siki inakula meno.

Na kikohozi kikifika wiki mbili, wadau, weka chupa chini nenda kituo cha afya ukapime kifua kikuu. Nimewaona wengi waliokuja wakiwa wameshamaliza lita za asali.

kijana_nkuhungu:
Siki nyeupe basi ndo imetupwa??

Zabibu_Hombolo:
Haijatupwa, ni kali tu na haina ladha yake yenyewe. Kachumbari na kusugulia masinki.

MamaWaIlazo:
Haya nimeelewa. Hii ya tufaha naendelea nayo kwa ya tangawizi ya familia, na mkuu wa Hombolo nakuja PM nataka lita moja ya kujaribia rozela, nitaleta mrejesho. Nyuki wadogo sigusi tena.

Fundi_Mzinga:
Iliyobaki kwenye ile chupa ya tatu umeimwaga?

MamaWaIlazo:
Baba watoto kaichuja kainywa jana, anasema inachangamsha.

Mzee_wa_Kondoa:
Hiyo sasa ni wanzuki mama, pombe ya asali, usimpe asubuhi.