Tupeane uzoefu: mlianzaje kupiga shado?

Mgeni_wa_Ulingo
Wakuu, habari zenu. Hii ni wiki yangu ya pili kwenye mazoezi ya ngumi, huku Temeke. Kila siku kocha ananiambia "kapige shado raundi tatu", yaani nipigane peke yangu na mpinzani wa kufikirika, kisha anakwenda kwa wakubwa wenye mapambano. Nabaki natazamana na ukuta, narusha mikono, dakika moja tu pumzi imekata. Wenzangu wakicheza na kivuli unamwona kabisa huyo mtu wanayepigana naye. Mimi simwoni. Tupeane uzoefu.

Kiwiko_Kigumu
Umenikumbusha mbali. Nilipiga shado miezi minane peke yangu, mbele ya kioo cha kabati la mama. Nikajiona nimeiva. Siku ya kwanza ya sparingi, kupigana na mwenzako kwa mazoezi, nikapewa kijana mwembamba, nimemzidi kama kilo sita. Nikarusha jabu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ikampata. Nikarusha ya pili, na hapo ndipo nilipojua kuwa miezi yote ile mkono wangu ulikuwa unatoka shavuni lakini kurudi unapitia kiunoni. Kwenye kioo sikuwahi kuliona, kwa sababu macho yalikuwa yanaifuata ngumi inakokwenda. Yule kijana aliliona mara moja. Alipitisha mkono wa kulia juu ya huu wangu ulioshuka, sikio likalia nzii, magoti yakalegea. Sikuanguka, na afadhali ningeanguka, maana nilisimama tu katikati ya ulingo kama mtu anayesubiri daladala, nikapigwa nyingine tatu nazihesabu. Kocha alinivua glovu bila kusema neno. Mwezi mzima uliofuata nilipiga jabu peke yake: itoke shavuni, irudi shavuni kwa njia ileile. Dogo, anzia hapo.

Mama_Glovu
Mkono kupitia kiunoni! Na mimi hivyohivyo.

Fundi_Geti
Chukua vyuma vya kilo mbilimbili, piga navyo shado wiki tatu. Ukiviacha, mikono inakuwa miepesi kama karatasi. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Kocha_Mstaafu
Fundi, usimharibie mtoto wa watu viungo. Ngumi ya hewani haina kitu cha kuizuia, kwa hiyo kiwiko ndicho kinachobeba mshindo wote. Hata mikono mitupu hatunyooshi hadi mwisho, tunabakiza kidogo. Sasa umwongezee kilo mbili?

Mgeni, sahau mikono kwanza. Chora mstari wa chaki sakafuni. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto uwe mbele, upande mmoja wa mstari, wa kulia nyuma upande wa pili, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaotangulia. Ukirudi, wa nyuma ndio unaotangulia. Usipishanishe. Nenda na urudi raundi nzima bila kurusha ngumi hata moja. Ukitulia hapo ndipo uongeze jabu, na kila jabu uitolee pumzi, "tss". Pumzi yako inakata kwa sababu unaibana.

Fundi_Geti
Mbona hata mabondia wakubwa wanashika vyuma, kocha?

Kocha_Mstaafu
Vidogo, tena polepole, na wana miaka kumi kwenye kazi. Huyu ana wiki mbili.

Mashoto_Kayole
Sisi huku Nairobi tulitumia kamba ya kuanikia nguo. Ifunge usawa wa bega, toka mwanzo hadi mwisho ukipita chini yake, kichwa kushoto, kichwa kulia, unakunja magoti, huinamishi mgongo. Ukishapita, rusha mbili. Kidevu nacho kishuke: bana chungwa kati ya kidevu na kifua, likianguka rudia raundi. Na kioo achana nacho, kinakuzoesha kujitazama.

Mama_Glovu
Kioo asiache! Bila kioo atajuaje mkono umeshuka?

Kipepeo
Mnambana sana. Muhammad Ali alicheza mikono iko chini na akawa bingwa wa dunia. Mwache dogo awe huru.

Kocha_Mstaafu
Mwaka 1963, London, Henry Cooper alimwangusha Ali kwa ngumi ya kushoto. Machi 1971, New York, Joe Frazier akamwangusha raundi ya 15, kushoto tena. Huyo ni Ali, mwenye miguu ile na macho yale. Mgeni ana nini cha kumwokoa mikono ikiwa chini?

Kaka_Mkubwa
Naomba niseme langu, kwa sababu hakuna aliyetaja mahali pa kufanyia.

Tuliishi chumba kimoja, mimi na mdogo wangu wa kike, yeye na miaka kumi na moja. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha mshumaa nipige shado na kivuli changu mwenyewe ukutani. Kivuli cha mshumaa kinayumba, nikakipenda, nikawa nakikwepa kweli. Kocha alikuwa amenifundisha siku hiyohiyo kugeuka kwa mguu wa mbele na kupiga ngumi ya pembeni. Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wangu na sufuria ya uji.

Ngumi ilimpata mdomoni. Sikusikia sauti yake, nilisikia sufuria. Nilimbeba hadi hospitali kwa miguu, uji umenikauka mikononi pamoja na damu. Mdomo ulishonwa, jino moja la mbele liliondoka. Njiani alikuwa ananiambia "kaka, sikubisha hodi," kana kwamba kosa ni lake. Mwaka mzima sikukunja ngumi.

Mama_Glovu
Jamani. Yukoje sasa?

Kiwiko_Kigumu
Pole sana kaka. Hilo la "sikubisha hodi" limenikaa.

Fundi_Geti
Pole, ndugu yangu. Vyuma tuviache kwanza. Binti anaendeleaje?

Kaka_Mkubwa
Yuko kidato cha pili. Yeye ndiye aliyenirudisha kwenye mazoezi, alinitolea glovu chini ya kitanda. Siku hizi napiga shado uani, mgongo kwenye ukuta ninapoanza, na yeye anakaa mbele yangu, mbali, ameshika simu anahesabu muda. Mkono ukishuka anapiga kelele "shavu!"

Kocha_Mstaafu
Huyo ni kona, msaidizi wa bondia pembeni ya ulingo, nzuri kuliko nyingi nilizoziona.

Mgeni_wa_Ulingo
Asanteni wakuu. Leo nimehamia uani, nimechora mstari, raundi tatu za dakika mbilimbili, miguu tu. Ya tatu nikaongeza jabu. Mjomba alikuwa anatazama, akaniuliza nampiga nani. Nimemwomba kesho asimame mbele yangu, hatua nne, nipate wa kumtazama. Kocha, chungwa nianze nalo lini?

Kocha_Mstaafu
Wiki ijayo. Mwambie mjomba hatua sita.