Goti linachoma upande wa nje kila nikishuka mlima, na kilomita 21 za Moshi zimekaribia. Niende au niache?

Mbio za Alfajiri
Wakuu, habari za majukumu.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Ni mkazi wa Dar, miaka 38, kazi yangu ya kukaa ofisini, mbio nimezijulia ukubwani kwenye jogging za mtaani. Nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, nauli nimeshalipa, na timu nzima tunakwenda na basi moja.

Tatizo ni goti la kulia. Likiwa limepumzika halina neno, nikianza kukimbia pia halina neno. Nikifika kilomita ya saba au ya nane linaanza kuwasha upande wa nje, pale kwenye kifupa kinachochomoza, halafu linachoma mpaka nasimama. Nikitembea kidogo linatulia, nikikimbia tena linarudi palepale. Halijavimba. Kinachonishangaza, kupanda Daraja la Tanzanite sioni shida, kushuka ndiyo balaa. Hata ngazi za ofisini siku hizi nashuka nimeshika ukuta.

Mazoezi yangu ni barabara ileile ya ufukweni, pembeni kabisa ya lami kwa kuogopa magari. Nimebakiza wiki tano. Duka la dawa wamenipa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Mchuaji anasema mshipa umehama. Jamaa wa kwenye timu anasema kuna sindano ya gotini, unachomwa Ijumaa, Jumapili unakimbia bila kusikia kitu.

Mwenye uzoefu na goti la namna hii, au na ile njia ya mbio inayopanda Mweka, anisaidie. Niende, niache, au nihamie kilomita 5? Naomba kuwasilisha.

Kiatu Kimoja
Pole mkuu, ila usitutie aibu. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, pale Mexico 1968 aliingia uwanjani goti limefungwa bandeji na akamaliza. Wewe bado wiki tano unalia. Chua na mafuta ya mbuni, piga supu ya kongoro, tukutane Moshi.

Binti Ugoko
Yaani mtu akiumia tu humu lazima Akhwari atajwe. Yule mzee alianguka katikati ya mbio, akaumia goti na bega, akiwa na jezi ya taifa kwenye Olimpiki. Siku hiyo walianza 75 na 18 hawakumaliza, na hakuna anayewacheka hao 18 mpaka leo. Hakuamka asubuhi akijua goti ni bovu. Huyu anajua wiki tano kabla, na anachokifuata ni medali ya kutundika sebuleni. Tuheshimiane.

Mimi jina langu humu mnalijua lilikotoka. Ugoko uliniuma, nikaambiwa kaza, nikakaza. Picha ya kwanza ya eksirei ikatoka safi, nikapewa dawa nikarudi barabarani. Kumbe ufa mdogo wa mfupa huwa hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo, unakuja kuonekana mfupa ukishaanza kujiunga. Nilimalizia msimu kwenye magongo.

Wenye ugoko wanaosoma hapa: pitisha kidole kwenye mfupa. Maumivu yakiwa yametawanyika eneo refu kwa ndani, mara nyingi ni ugoko uliochokozwa na mazoezi, punguza kilomita utapona. Ukiweza kuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja "ni hapa", na kuruka kwa mguu huo mmoja huwezi, usikimbie hata kituo cha daladala. Nenda kwa daktari wa mifupa.

Mnyoosha Viungo
Mleta mada, fiziotherapia ndiyo kazi yangu. Siwezi kukupima kupitia simu, lakini ulivyoeleza ni picha ninayoiona kila msimu wa mbio unapokaribia.

Kuna utepe mrefu wa nyama ngumu unaotoka nyonga, unapita nje ya paja, unajishikiza chini kidogo ya goti. Goti likikunjwa kidogo, kama nyuzi 30, utepe huo unabana tishu iliyo chini yake pale kwenye kifupa ulichokitaja. Ukishuka mlima unakaa kwenye kona hiyohiyo hatua baada ya hatua. Ukipanda, goti linatua likiwa limekunjika zaidi, linapita eneo hilo. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa hili tatizo hushangaa kwamba wakikimbia kwa kasi wanaumia kidogo kuliko wakijikokota. Hakuna mshipa uliohama, mwambie mchuaji wako akuchue mgongo, utafaidi zaidi.

Goti ndilo linalolia, lakini mara nyingi mvivu ni nyonga. Simama mbele ya kioo na kaptula, inua mguu wa kushoto, kisha kunja goti la kulia taratibu. Angalia mkanda wa kaptula. Mkanda ukiinama upande wa kushoto, na goti la kulia likaelekea ndani, misuli ya nje ya nyonga ya kulia haikubebi. Ukikaa kwenye kiti kutwa nzima inalala, halafu jioni unaiamsha kwa kilomita kumi.

Tiba yake haina maajabu. Wiki mbili za mwanzo kimbia umbali unaoishia kabla maumivu hayajaanza, hata kama ni kilomita nne, na usishuke mlima. Lala ubavu wa kushoto, mgongo na kisigino cha kulia vimegusa ukuta, inua mguu wa kulia huku kisigino kikiuburuza ukuta, teremsha polepole. Kisigino kikiachana na ukuta umeshadanganya, unatumia paja. Fanya mpaka nyonga iwake moto, pumzika, rudia, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukirudi barabarani fupisha hatua kidogo na uziongeze idadi, mguu utue chini ya mwili na si mbele yako.

Na hiyo pembeni ya lami uliyoitaja ni sehemu ya kesi. Barabara zetu zimeinamia kwenye mtaro ili maji yatoke. Ukikimbia upande uleule kila siku mguu mmoja unatua chini kuliko mwenzake. Badili upande pale panapokuwa salama, au tafuta uwanja wa shule.

Sindano ya Ijumaa sahau. Kuna sindano za kutuliza uvimbe na tunazitumia, lakini baada yake mtu anapumzika, hakimbii kilomita 21. Inayokuzimia maumivu siku mbili kabla ya mbio imekuondolea kengele tu.

Kaunta ya Dawa
Naongezea la diklofenaki. Usiimeze asubuhi ya mbio. Jua, jasho, na dawa ya jamii hiyo, vyote vinazibana figo kwa pamoja. Ibuprofeni ni hivyohivyo. Na wale wa kunywa maji kila kituo mpaka tumbo linacheza nao wapunguze, chumvi ya damu ikishuka sana mtu anaweza kuanguka na kudhani ni kiu. Kunywa ukisikia kiu.

Mpanda Mweka
Nyie wa Dar mnatufurahisha sana. Mnafikiri mlima wetu unaua kwenye kupanda. Njia ya 21 ukishatoka mjini unapanda kuelekea Mweka, migomba na kahawa huku na huku, watoto wamenyoosha mikono wagongewe. Unahema, unatembea, hakuna aibu, wengi wanatembea. Balaa ni ukishageuza. Mtu anaona mji uko kule chini, nguvu za mvutano ni za bure, anafungulia. Kilomita mbili za mwisho mapaja yanatetemeka, Jumatatu anashuka kwenye basi kinyumenyume.

Kushuka kunataka paja lifanye kazi ya breki huku linavutwa, na paja la mtu aliyezoea tambarare halijawahi kuombwa kazi hiyo. Habari njema ni kwamba linajifunza haraka. Mteremko mmoja wa mazoezi, hata ukikuacha na maumivu, unalikinga paja kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo goti likiruhusu, nendeni mlima wa Chuo Kikuu pale Dar, au vilima vya Pugu, mshuke taratibu. Siyo wiki ya mwisho lakini.

Wikendi Tu Eldoret
Pole ndugu. Mimi niko Eldoret, lakini si bingwa, kwa hivyo msinitafute. Nitasema tu kile naona kila asubuhi. Hawa wenyewe wanaoshinda mbio kubwa, siku yao ya kukimbia polepole ni polepole kabisa, hata mimi na kitambi changu naweza kuwapita, na wanapenda barabara za udongo kuliko lami. Sisi wa wikendi kila siku ni fainali. Tunaangalia saa, tunashindana na jirani, halafu tunauliza goti limetoka wapi.

Kiatu Kimoja
Basi jamani, Akhwari namrudisha kwao Mbulu. Ila kongoro siondoi.

Mbio za Alfajiri
Wakuu, nashukuru mno. Kioo kimesema kweli, mkanda umeinama mpaka mke wangu akacheka. Nimepata miadi ya fiziotherapia wiki hii, maana sitaki kujitibu kwa uzi huu wa mtandaoni peke yake. Mpango niliojiwekea: wiki moja kabla ya safari nitashuka mlima wa Chuo Kikuu taratibu. Nikifika chini goti likiwa kimya, nakimbia 21 kwa mwendo wa kizee. Likilia, nawaomba waandaaji kama inawezekana kuhamia 5, na isipowezekana nitapanda basi hivyohivyo nikashike mabegi ya wenzangu. Nauli hairudi.

Mama Raba
Samahani kuingilia. Kucha mbili za vidole vikubwa zimekuwa nyeusi tangu nianze kushuka Pugu. Nazo ni nyonga?

Mnyoosha Viungo
Hapana dada, hizo ni raba. Ukishuka, vidole vinagonga mbele. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, iache nafasi ya upana wa kidole gumba, na ufunge kamba kifundoni ili kisigino kisiteleze. Kucha usiing'oe, iache itoke yenyewe. Ikitunga usaha ndiyo uje hospitali.