CR2032 inasoma volti 2.9 lakini kifaa cha kupima oksijeni kinajizima Bluetooth ikiunganishwa

Kitufe_Volti aliuliza:

Habari wakuu. Naomba msaada kwa mfano wa kwanza wa kifaa cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kinachopima oksijeni kwenye damu na mapigo ya moyo, kisha kutuma namba kwenye tableti ya muuguzi. Ni cha kujifunzia, hakijavishwa mgonjwa yeyote.

Vilivyomo: chipu ya nRF52832, sensa MAX30102 kwenye moduli yake ya kawaida, na betri ya saa CR2032 moja. LED za sensa zimewekwa 0x7F (namba ya kuweka mkondo), mpigo wa 411 µs, sampuli 100 kwa sekunde. Bluetooth inajitangaza kila ms 100. Ikishaunganishwa, simu inachagua yenyewe muda wa mawasiliano (ms 30 hadi 50).

Dalili ni hizi. Betri mpya inafanya kazi saa chache tu, kisha kila simu ikiunganishwa kifaa kinajizima na kuanza upya. Nikiitoa betri na kuipima kwa mita inasoma 2.91 V. Halafu kuna la ajabu zaidi: baadhi ya betri mpya kabisa hazionyeshi sensa hata kidogo, lakini betri iliyochoka kidogo sensa inaonekana! Je, redio ndiyo inayokula chaji? Nifunge kapasita?

Ukinzani_wa_Ndani:

Mkuu, hiyo 2.91 V ni ya betri iliyolala. Mita yako ina ukinzani wa megaohmu 10, haivuti chochote, kwa hiyo betri iliyokwisha nguvu nayo itakudanganya hivyo hivyo. CR2032 hushikilia volti yake karibu na 3 mpaka mwisho wa maisha yake. Kinachobadilika ni ukinzani wa ndani. Ikiwa mpya huwa kati ya ohmu 10 na 20, ikichoka hupanda 40, 50 na kuendelea.

Ipime ikiwa na mzigo:

1. Soma volti bila mzigo. Iite V0.
2. Weka rezista ya ohmu 100 kati ya chanya na hasi, soma volti ndani ya sekunde moja au mbili, toa. Iite V1. Usiiache, utaimaliza betri kwa kuipima.
3. Ukinzani wa ndani = 100 × (V0 − V1) ÷ V1.

Ukipata V1 ya 2.08, ukinzani ni kama ohmu 40. Sasa piga hesabu ya kifaa chako. 0x7F ni mA 25.4 kwa LED (kila hatua ya rejista, yaani ya namba hiyo, ni mA 0.2). Ongeza redio, ambayo kwa 0 dBm (nguvu ya kutuma ya mW 1) na kigeuzi cha ndani cha DC/DC kikiwashwa hula kama mA 5 hadi 6. Vikigongana unavuta mA 30 na ushee. mA 30 × ohmu 40 = 1.2 V. 2.91 toa 1.2 unabaki na 1.7, na 1.7 ndiyo chini kabisa ya nRF52832. Ndiyo maana kinajizima simu ikiunganishwa: redio imeongeza tone la mwisho, lakini ndoo ilishajazwa na LED.

Kapasita itasaidia. Mpigo mmoja wa LED ni mA 25.4 × 411 µs, yaani chaji ya kama µC (mikrokulombi) 10. Tukio moja la redio ni kama mA 6 kwa ms 3, yaani µC 18. Kwa kapasita ya µF 100, anguko la pamoja ni chini kidogo ya 0.3 V hata betri isipochangia kitu. Angalia mambo mawili tu: kapasita za tantalum za bei chee huvuja mikroampea kadhaa saa zote, na kapasita za kauri hupoteza sehemu ya uwezo wake zikiwekewa volti, hasa zile ndogo. Ukitaka µF 100 halisi kwa kauri, usifunge "100" iliyoandikwa kwenye pakiti ukadhani umemaliza.

LehemuMoto:

Nakubaliana na vipimo vya hapo juu, sikubaliani na kapasita kama suluhisho. Hapo unamfunga bandeji mtu mwenye njaa.

Tazama wastani, si kilele. LED mbili × 411 µs × mara 100 = ms 82 katika kila sekunde, yaani asilimia 8.2 ya muda. Kwa mA 25.4 hiyo ni wastani wa mA 2.1. Sensa yenyewe inakula kama mA 0.6. Bado hujahesabu kichakataji na redio, umeshafika 2.7. CR2032 ina kama mAh 220, lakini watengenezaji huupima uwezo huo kwa mzigo wa takriban mA 0.2. Ukiivuta mara kumi na zaidi ya hapo, mfululizo, hupati hata hizo 220. Hiyo ni betri ya kipimajoto kinachoamka mara moja kwa dakika. Oksimita (kipima oksijeni) ya mfululizo ni kazi nyingine.

Pili, karatasi ya data ya MAX30102 inataka volti ya LED kati ya 3.1 na 5.0. CR2032 mpya ni 3.0 hadi 3.3 bila mzigo. Kwa maneno mengine hujawahi kuwa ndani ya mipaka, na usomaji wa oksijeni uliokuwa unaupata sidhani kama unafaa kulinganishwa na chochote.

Na hilo la ajabu halina uchawi. Moduli nyingi za MAX30102 zina rezista za kuvutia juu za SDA na SCL (waya mbili ambazo sensa na chipu huongelea) zilizofungwa kwenye 1.8 V. nRF52832 huhesabu "juu" kuanzia 0.7 ya volti yake. Betri ikiwa 3.0 V inahitaji 2.1 V, na moduli inatoa 1.8 tu, kwa hiyo haisikii kitu. Betri ikishuka hadi karibu 2.57 V, 0.7 yake inakuwa 1.8 na sensa "inafufuka". Katikati ya hapo ni bahati nasibu ya chipu moja moja. Kagua moduli yako: nyingine zina vidoa vya kuchagua 1V8 (1.8 V) au 3V3 (3.3 V) kwa tone la lehemu.

Ningefanya hivi. Tupa CR2032, weka betri ndogo ya lithiamu ya mfuko (Li-Po), mAh 150 hivi. LED zichukue volti moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa sababu 3.3 hadi 4.2 zote zimo ndani ya mipaka. Kisha kidhibiti volti kimoja cha 1.8 V, chenye kosa lisilozidi asilimia 2 na kinachokula mikroampea moja au mbili chenyewe, kilishe nRF na sensa pamoja. Tatizo la SDA/SCL linakwisha lenyewe. Programu izime kila kitu betri ikifika 3.3 V.

Na tafadhali, usije ukaweka LIR2032 (betri ya saa ya kuchajiwa) kwa sababu inaingia kwenye kishikio kilekile. Hiyo huchajiwa hadi 4.2 V na mwisho wa nRF52832 ni 3.6. Isitoshe ina kama mAh 40 tu.

Mawimbi2400:

Redio haina hatia kubwa hapa ila mmeiacha ifanye ujinga. Namba mbili kwa sekunde hazihitaji mawasiliano kila ms 30. Subiri kama sekunde 5 baada ya kuunganishwa, kisha kifaa kiombe: muda wa ms 390 hadi 405, kuruka zamu kunakoruhusiwa mara 3, kikomo cha kukatika (ukimya unaohesabiwa kuwa muunganisho umevunjika) sekunde 6. Hizo zinakaa ndani ya masharti ya Apple pia (muda × (kuruka + 1) usizidi sekunde 2, na mara tatu yake iwe chini ya kikomo). Wastani wa redio unabaki makumi machache ya mikroampea. Kujitangaza nako: kila ms 100 kwa sekunde 30 za kwanza, halafu nenda sekunde 1 au zaidi.

Kwa LED, shuka hadi sampuli 50 na mpigo wa 215 µs. Kwa 0x1F, ambayo ni mA 6.2, wastani wa LED unakuwa mA 0.13 badala ya 2.1. Ila usiukaze mkondo huo kwa kila mtu! Mkono mnene na ngozi nyeusi vinahitaji mwanga zaidi, na ishara dhaifu ndipo oksimita zinapoanza kubahatisha. Inajulikana wazi kwamba oksimita nyingi husoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Programu ipandishe na kushusha rejista mpaka usomaji ukae karibu na nusu ya kipimo (kama 130,000 kati ya 262,143), ndipo ianze kuhesabu.

Antena: kwenye 2.4 GHz mwili wa binadamu ni ndoo ya maji. Kifaa kikilaliwa na mgonjwa, au mkono ukiwa chini ya tumbo, mawimbi hayapiti, yatazunguka kupitia ukutani yakipata njia. Weka antena upande wa nje wa kifaa, mbali na ngozi kadiri kasha linavyoruhusu, na usipitishe betri, waya wala shaba yoyote katika eneo ambalo mtengenezaji wa antena amesema liachwe wazi. Betri ya mfuko ni bamba la chuma, ikifunika antena umekwisha. Kipime kikiwa kimevaliwa. Kikiwa mezani kitakusifia tu.

Kama wodi ina Wi-Fi ya 2.4 GHz, iwe chaneli 1, 6 au 11. Chaneli tatu za kujitangaza za Bluetooth ziko 2402, 2426 na 2480 MHz, yaani zimewekwa kwenye mapengo ya hizo. Mtu akiweka ruta kwenye chaneli 3 au 4 anaikalia 2426 moja kwa moja, na vifaa vinachelewa kuonekana. Tableti ikiweza 5 GHz, ipelekeni huko.

Ukinzani_wa_Ndani:

Naikubali hoja ya betri. Naongeza kuhusu kuchaji, maana hapa ndipo watu huunguza.

Moduli ya kuchajia ya TP4056 inakuja na rezista ya kΩ 1.2 ya kuweka mkondo, ambayo ni mkondo wa ampea 1. Kwa betri ya mAh 150 huo ni karibu mara saba ya uwezo wake, itavimba. Kwa betri ndogo hivi napendelea chipu ya kuchajia ya MCP73831: mkondo kwa mA ni 1000 ÷ kΩ. Rezista ya kΩ 13 inakupa kama mA 77, nusu ya uwezo. Nunua betri yenye saketi ya ulinzi ndani yake, na usichaji chini ya nyuzi 0 wala juu ya 45. Dirishani kwenye jua la Januari hiyo 45 haiko mbali.

Kifaa kisifanye kazi mkononi mwa mtu kikiwa kwenye chaji. Chaja za USB za bei ya chini huvujisha mkondo kupitia kapasita yake ya kuzuia kelele, na IEC 60601-1 (kiwango cha usalama wa vifaa vya tiba vya umeme) kwa sehemu ya aina ya BF (inayogusa mwili, si moyo moja kwa moja) inaruhusu µA 100 tu kwa mgonjwa katika hali ya kawaida. Njia rahisi ni kutoboa tundu la kuchajia upande unaogusa ngozi, ili kisiweze kuvaliwa waya ukiwa umechomekwa.

Ukibaki na betri ya saa kwa kifaa kingine chochote, mfuniko ufungwe kwa skrubu. Mtoto akimeza, umio unaweza kuungua vibaya ndani ya saa 2, na hata betri "iliyokufa" bado inaweza kumuunguza.

Kitufe_Volti:

Asanteni sana wakuu. Kipimo cha ohmu 100: ile ya 2.91 inashuka hadi 2.05, kwa hiyo ukinzani ni ohmu 42. Na moduli kweli ina kidoa cha 1V8. Nahamia Li-Po. Mawili ya mwisho: nikipima mkondo kwa mita kwenye µA kifaa kinajizima, na sijui nifanye nini Bluetooth ikikatika.

LehemuMoto:

Mita kwenye µA ina rezista kubwa ndani yake, redio ikiwaka volti inaanguka kabla ya kufika kwenye chipu. Weka rezista ya ohmu 10 mfululizo na uangalie kwa osiloskopu: mV 100 ni mA 10. Au tafuta PPK2, kipima mkondo cha Nordic (watengenezaji wa nRF), inasoma kutoka nA 200 hadi ampea 1. Kabla ya kupima chomoa kichomekeo cha programu, zima betri na uiwashe upya, na uzime UART (njia ya waya inayotuma ujumbe wa kufuatilia programu). Chipu ikibaki katika hali ya kutafutwa makosa inakula mamilioni... samahani, miliampea, ambazo kwenye matumizi halisi hazipo.

Mawimbi2400:

Bluetooth itakatika, ichukulie kama mvua ya masika. Alamu ya oksijeni kuwa chini ilie kwenye kifaa chenyewe, isitegemee tableti kabisa. Tableti nayo ilie ya kwake isipopata namba kwa sekunde 10, na ifute namba ya zamani kwenye skrini, kwa sababu 97 iliyoganda ni hatari kuliko skrini tupu.

Kumbukumbu: rekodi ya baiti 4 (oksijeni, mapigo, ubora wa ishara, hali ya betri) kila sekunde 10 ni rekodi 8,640 kwa siku, yaani baiti 34,560. Flashi ya ndani ya kB 512 inatosha hata ukiondoa nafasi ya programu na ya Bluetooth. Kusanya rekodi 64 kwenye RAM ndipo uandike, maana kufuta ukurasa wa flashi huchukua muda na kunaweza kugongana na zamu ya redio. Kila rekodi ipewe namba ya mfuatano. Muunganisho ukirudi, tableti iseme namba ya mwisho iliyonayo na kifaa kiendelee kuanzia hapo. Saa ya kifaa isiaminiwe, itachepuka; muda halisi uwekwe na tableti.