MJADALA: Mashahidi wa mipaka ya mashamba wakae pamoja barazani kabla ya kusikizwa?

Mkomani Juu: Assalaam alaykum. Kesi nyingi za mashamba hapa Lamu zinategemea wazee: mpaka ulipita mwembe upi, minazi ile aliipanda nani. Mahakamani shahidi hutolewa nje mwenzake akisema. Lakini siku zote kabla ya hapo wameketi baraza moja pale Mkunguni wanakumbushana. Naona kila mmoja aandikwe peke yake, mapema, kabla ya mazungumzo. Kumbukumbu huchanganyika bila mtu kukusudia uongo. Someni maneno haya mara moja, msirudi juu: jahazi, tanga, nanga, mlingoti, nahodha, kaskazi, kusi, wimbi, kasia, bandari, ngalawa, foromali. Nina swali baadaye.

Mzee wa Langoni: Kijana, wazee wa Mkunguni unawaita waongo mbele za watu? Baraza ile nimeikalia wewe hujazaliwa. Mwembe niliuona ukipandwa, sikukumbushwa na mtu.

Fundi Matondoni: Ngalawa imeingiaje humo? Sisi twaunda jahazi, mashua na dau. Ngalawa ya matengo mawili, zile mbao za kuelea ubavuni, ni chombo cha watu wa kusini. Mkiandika mambo ya Lamu ulizeni mafundi kwanza.

Mkomani Juu: Mzee wangu, heshima yako iko palepale. Neno "waongo" sikuliandika mimi, nimesema kumbukumbu huchanganyika "bila mtu kukusudia uongo". Fundi, nimekusikia. Swali lenyewe: kati ya nanga, bahari na mchele, yapi yalikuwemo?

Mtoto wa Shela: Nanga na bahari. Mchele haumo.

Mkomani Juu: Bahari haimo. Rudi juu utazame.

Mtoto wa Shela: Umelitoa sasa hivi! Nimeliona kwa macho yangu, lilikuwa karibu na wimbi. Hujadili kwa haki wewe.

Kizingitini Moja: Kweli kabisa, hata mimi nililiona, baada ya wimbi. Mtu akihariri aseme.

Binti Wiyoni: Ujumbe ukihaririwa hapa huwekewa alama, na huo wa kwanza hauna. Tazameni vilevile: Shela kasema "karibu na wimbi", Kizingitini kaja na "baada ya wimbi". Sasa tuna mashahidi wawili wa neno ambalo halikuwapo.

Jambo hili lina miaka. Mwanasaikolojia James Deese aliliandika 1959, kisha wenzake Henry Roediger na Kathleen McDermott wakalirudia Marekani 1995. Wanafunzi walisomewa kitanda, kupumzika, ndoto, kuchoka na mengine ya jamii hiyo, usingizi haukutajwa. Katika jaribio lao la pili, neno la namna hiyo lisilotajwa liliandikwa katika asilimia 55 ya nafasi walizopewa kukumbuka. Na wengi hawakusema "nadhani". Walisema wanakumbuka kulisikia. Maneno ya jamii moja huamshana akilini, na lile la katikati yao huamshwa na yote.

Mzee wa Langoni: Wanafunzi wa Marekani na vitanda vyao wanahusiana nini na shamba la babu yangu? Neno si mwembe. Mwembe una kivuli, una matunda, nimeupanda kwa miguu hii.

Binti Wiyoni: Hapo umeuliza sawa, babu. Basi chukua jaribio la wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974. Watu walionyeshwa filamu ya magari yakigongana. Wengine wakaulizwa mwendo "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Walioulizwa kwa "kupondana", 16 kati ya 50 walisema waliviona. Kwa "kugongana", 7 kati ya 50. Hilo lilikuwa tukio la kutazamwa, si orodha ya maneno.

Ustadh Mararani: Mnakoelekea siko. Mji huu una watoto wanaohifadhi juzuu 30 bila kukosea irabu. Nyinyi mwasema akili haishiki kitu? Hayo ni madharau kwa madrasa zetu.

Mkomani Juu: Ustadh, hakuna aliyesema akili haishiki. Hafidh humsomea mwalimu, akiteleza hurudishwa palepale, na msahafu upo. Mpaka wa shamba ulisomewa nani? Hauna wa kuurudisha.

Ustadh Mararani: Nimesoma vizuri nilichosoma. Mmesema kumbukumbu haina thamani.

Fundi Matondoni: Na ile ngalawa bado hamjaniambia aliyewafundisha ni nani.

Kizingitini Moja: Fundi, Kiwayuu nimeona ngalawa.

Fundi Matondoni: Uliona dau dogo. Njoo karakanani nikuonyeshe.

Binti Wiyoni: Jamani, turudi kwenye mashamba. Watu wakionywa kabla kuhusu mtego wa maneno hupunguza makosa, lakini hawayamalizi, kwa hiyo kuwaambia wazee "muwe waangalifu" hakutoshi. Mimi nataka karani aende kwa kila mzee nyumbani kwake, amwache achore mpaka mwenyewe, asimwulize "ule mwembe mkubwa" kabla hajautaja. Nimeona mjane mwenye shahidi mmoja akishindwa na wanaume watano wa baraza moja, wanasema sentensi ileile. Kwangu mimi watano wale walikuwa shahidi mmoja.

Mzee wa Langoni: Mjane gani? Mtaje.

Binti Wiyoni: Simtaji mtu hapa, babu. Nakuuliza wewe: ungekubali kuandikwa peke yako?

Mzee wa Langoni: Mimi ningekubali. Hao wengine uwaulize wenyewe.